Waefeso 5 haianzii mstari wa 22

Katika arusi nyingi za Bukavu, mashariki mwa Kongo, iwe Kadutu, Ibanda au Bagira, msomaji hufungua Waefeso 5 na kuanza moja kwa moja: "Enyi wake, watiini waume zenu kama kumtii Bwana wetu." Huo ni mstari wa 22. Wa 21 huachwa kama mkia wa habari iliyopita, na Biblia nyingi zinachangia kosa hilo kwa kutia kichwa cha habari kati ya mistari hiyo miwili.

Katika Kigiriki, lugha ambayo waraka huu uliandikwa, maneno hayakatiki hapo. Mstari wa 21 una kitenzi hypotasso, kujiweka chini ya mwingine, na kinawahusu wote: "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo." Kisha katika nakala mbili za kale za mkono, papiro P46, ya karibu mwaka 200, na Kodeksi Vatikano ya karne ya 4, mstari wa 22 hauna kitenzi kabisa. Unasema tu: wake kwa waume zao wenyewe, kama kwa Bwana. Anayeanzia hapo ameshika kipande cha sentensi. Kitenzi inabidi akiazime juu, na huko juu ni cha watu wote.

Biblia ya Kiswahili, Tafsiri ya Union ya 1952, ilikigawa kitenzi hicho kimoja: kunyenyekeana kwa wote, kutii kwa mke. Na kuna jambo zito zaidi. Katika sura ya 6 Paulo anabadilisha kitenzi. Kwa watoto (6:1) na watumwa (6:5) anaandika hypakouo, yaani kusikia agizo na kulitimiza. Kwa mke hakuliandika neno hilo. Kiswahili kimeandika "watiini" mara zote tatu, hivyo bibi arusi anasikia amri ileile anayopewa mtoto mdogo wa nyumbani. Asiyejua Kigiriki achukue Biblia ya Kifaransa ya Segond, ambayo wengi hapa mjini wanayo, aiweke kando ya ile ya Kiswahili. Kujinyenyekeza kwa 21 na kwa 22 ni neno la shina moja, soumettre; obéir linangoja hadi 6:1.

Wanaotetea utii wa mke wana hoja, na si haki kuzipita. Wakolosai 3:18 ina kitenzi chake yenyewe, haikiazimi popote. Waefeso 5:24 inasema "katika kila jambo". Mume anaitwa kichwa, akifananishwa na Kristo, na Kristo halitii Kanisa. Kwa hiyo, wanasema, kunyenyekeana kuna mpangilio. Hilo la mwisho lina nguvu. Lakini mfano huohuo wa Kristo ndio unaombana mume. Hesabu mistari: mke anasemeshwa katika 3, wa 22 hadi 24, mume katika 8, wa 25 hadi 32, kisha wa 33 unawagusa wote wawili. Na kitenzi anachopewa mume si kutawala. Ni kupenda kama Kristo alivyolipenda Kanisa "akajitoa kwa ajili yake", na huko kujitoa kulikuwa kufa.

Sheria ya Familia ya Kongo ya 1987, kifungu cha 444, ilimdai mke amtii mumewe. Marekebisho ya 2016 yaliondoa utii, yakabakiza mume kuwa mkuu wa nyumba. Siku hizi basi wachumba wanafunga ndoa ya serikali katika ofisi ya komini bila neno hilo, wanalikuta kanisani.

Hoja ngumu kuliko zote iko 1 Petro 3:6, "kama vile Sara alivyomtii Ibrahimu". Hapo kitenzi ni hypakouo kweli, kilekile cha watoto na watumwa. Lakini agizo lenyewe kwa wake, katika 3:1, linarudi kwenye hypotasso. Sara ni mfano. Tena Agano la Kale la Kigiriki, lililosomwa na makanisa yale ya kwanza, lina hypekousen katika Mwanzo 16:2, na safari hii mwenye kutii ni mume: Abramu aliitii sauti ya Sarai. Union ilifuata Kiebrania, ambacho kinasema kusikia, ikaandika "akaisikiliza". Kwa Kigiriki, Petro anapomtaja Sara na Mwanzo inapomtaja Abramu, kitenzi ni kimoja.