Holland hakwenda jukwaani kutalii

Nimesoma makala kuhusu Tom Holland, mwigizaji wa filamu kutoka Uingereza; mwandishi wake ameandika kana kwamba alikuwa anabahatisha tu alipocheza Romeo katika tamthilia ya Romeo na Juliet jijini London mwaka 2024, kisha akahesabu mashabiki waliojazana mlangoni. Jamani, kijana huyo jukwaa ndilo lililomlea! Mwaka 2008, akiwa na miaka 12, alikuwa tayari kwenye Billy Elliot, mchezo wa jukwaani wa nyimbo na dansi, pale ukumbi wa Victoria Palace, London, na haukupita muda akapewa nafasi ya Billy mwenyewe, mhusika mkuu. Filamu ya familia iliyokumbwa na tsunami Thailand ilikuja 2012. Spider-Man, aliyemfanya ajulikane na kila mtoto, ni 2016.

Kilichonivutia mimi ni kule kuhama kutoka jukwaani kwenda kwenye kamera. Nimeigiza jukwaani miaka kadhaa (sijulikani, msinitafute), na siku ya kwanza mbele ya kamera mwongozaji alinisimamisha mara tatu kwa ajili ya nyusi. Nyusi tu! Jukwaani unaziinua ili aliyekaa nyuma kabisa aone umeshtuka. Kamera ikiwa usoni kwako, unaonekana kama umepandisha mashetani. Kurudi jukwaani nako ni kazi: sauti iliyozoea maikrofoni huishia safu ya tatu.

Ingawa, tuseme kweli, Romeo ile ilikuwa na maikrofoni na kamera hapo hapo jukwaani, kwa hiyo aliweza kunong'ona na watu wakamsikia. Hapo ndipo mwandishi angembana, badala ya kuhesabu mashabiki waliojazana mlangoni.