Fukwe Tupu za Lamu: Wageni Waje, Nyumba Zikae Mbali

Kaskazi ikianza kuvuma na boti za wageni kuonekana tena Shela, kisiwani Lamu, pwani ya kaskazini ya Kenya, mjadala hurudi barazani: fukwe nyeupe zisizo na watu, kuanzia Manda hadi Kiwayu na Kiunga, zitangazwe ili vijiji vipate riziki, au ziachwe zilivyo? Anayetaka zitangazwe hutaja ajira. Anayekataa hutaja kasa, wavuvi na heshima ya mahali. Kila upande una hoja ya kweli, ila wote huruka swali la kwanza: mchanga huo umetoka wapi, unashikwa na nini, na mbona huko hakuna watu?

Tuanze na rangi. Mchanga mweupe wa pwani yetu, kwa sehemu kubwa, ni matumbawe, makombe na mwani wenye chokaa uliosagika. Samaki aina ya pono huuguguna mwamba akitafuta mwani na kinachobaki hukitoa kama mchanga safi. Anayeutafuta basi atazame mambo mawili: mwamba unaovunja mawimbi mbele ya ufuo, na umbali wa mto. Malindi inaonyesha vizuri. Mto Sabaki huingia baharini kaskazini mwa mji ukiwa umebeba udongo wa bara. Wakati wa kaskazi mkondo husukuma maji hayo mekundu kuelekea ghuba ya mji. Wakati wa kusi huyapeleka Mambrui na Ngomeni. Ndiyo maana mchanga wa Malindi mjini na Mambrui una rangi ya dhahabu iliyoiva, unameta, na hapa na pale una michirizi ya madini meusi mazito, ilhali Watamu, kusini kidogo tu nyuma ya mwamba, ni mweupe. Ukiwa na shaka, kamulia ndimu kwenye kijiko cha mchanga mkavu. Ukitoa povu ni chokaa ya baharini. Usipotoa, ni jiwe gumu lililoletwa na mito, hata kama jua limeupausha.

Jambo hili lina uzito katika mjadala. Ufuo wa chokaa hutegemea mwamba ulio hai. Nanga zikitupwa juu ya matumbawe kila siku, au maji machafu ya choo yakiingia baharini hadi mwani ukayafunika, kiwanda cha mchanga kimefungwa. Hasara yake haionekani msimu huo. Itaonekana miaka mingi baadaye, wakati aliyeuza kiwanja ameshaondoka.

Sasa, kwa nini hakuna watu? Jibu la kwanza ni maji kujaa na kupwa. Wakati wa bamvu, yaani siku za maji makubwa, tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne; kila siku inayofuata husogea mbele kama dakika 50. Njia ya ndani ya kwenda Pate na Kiwayu hupita Mkanda, kati ya mikoko ya Manda na bara, na Mkanda hupitika maji yakiwa yamejaa. Anayeondoka Lamu saa tatu asubuhi siku ya bamvu atakwama kwenye tope hadi mchana, jua likiwa utosini. Siku nzuri ni tarehe 4 au 5 ya mwezi mwandamo, au 18 na 19, maji yanapojaa mnamo saa moja asubuhi na bado yana kina cha kutosha. Nje ya visiwa njia iko wazi wakati wote, lakini kusi ikikaza, kati ya Juni na Agosti, mashua ndogo haina la kufanya huko. Maleleji, yaani kipindi cha pepo kubadilika, ya Oktoba na Novemba na kaskazi iliyotulia ndiyo majira ya safari hizo.

Kisha kuna mafuta. Kiwayu iko kama kilomita 50 kaskazini-mashariki ya mji wa Lamu. Injini ya nguvu ya farasi 40 ya mapigo mawili, ikikimbia, hunywa lita 15 kwa saa au zaidi. Nahodha makini hugawa mafuta yake mafungu matatu: la kwenda, la kurudi, na la upepo kugeuka. Anayekuuzia safari kwa bei ya mafungu mawili amekuuzia hatari. Kagua jaketi za kuokolea kabla ya kupanda, na jina lako liandikwe gatini.

Jibu la tatu ni usalama, na si haki kulikwepa. Mwaka 2011 wageni walitekwa Kiwayu na Manda, na mmoja aliuawa. Mwaka 2014 Mpeketoni ikashambuliwa. Tangu 2015 kuna operesheni ya kijeshi katika msitu wa Boni. Wavuvi walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa. Utupu wa fukwe za kaskazini, kwa hiyo, una sehemu yake iliyotokana na hofu na umaskini, na anayeusifu kama neema tupu hajauliza waliobaki huko wameulipia nini. Kabla ya kupita Manda kuelekea kaskazini, pata neno la siku hiyohiyo kutoka kwa polisi, maofisa wa Shirika la Wanyamapori na wazee wa kijiji unakokwenda.

Hapo ndipo hoja ya kufungua inapopata nguvu. Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ilitangazwa mwaka 1979, lakini tangazo peke yake halilindi kiota. Kasa hutaga mayai mia na zaidi, na huchukua takriban siku 60 kuanguliwa; kwa muda wote huo mtu mmoja mwenye ndoo anaweza kuyachimba usiku mmoja. Ufuo unaotembelewa mara kwa mara, na ambao kijana wa kijiji analipwa kuutembeza, una macho. Tena kuna takataka. Ufuo unaotazama bahari kuu hupokea plastiki za nchi nyingine kila kaskazi na kila kusi, na pasipo na watu hakuna anayeziokota. Lamu imeonyesha la kufanya: Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa na kupambwa kwa ndara kuukuu, lilitweka tanga na kufika Zanzibar mwaka 2019. Plastiki ile iliokotwa na mikono ya watu.

Wanaopinga nao wana lao, na lina uzito kuliko wanavyolieleza. Kwanza, hakuna ufuo mtupu. Unaoitwa mtupu una dago, yaani kambi, la wavuvi wa Kibajuni, mahali pa kuanikia nyavu, kisima cha maji ya chumvichumvi, kaburi la zamani. Pili, maji. Kiwayu na Ndau hutegemea sana jabia, yale mabirika makubwa yanayokinga mvua kwenye sakafu ya saruji. Jabia la kijiji hupimwa kwa ndoo za kunywa na kupika. Bafu za wageni zikiunganishwa nalo, litakauka kabla ya masika. Tatu, taa: watoto wa kasa hufuata mwanga wa bahari, na taa moja ya veranda huwageuza kuelekea nchi kavu, ambako kaa na jua la asubuhi huwamaliza.

Hata hivyo ugomvi wa wageni au hapana wageni unakosa shabaha. Madhara mengi niliyotaja hayaletwi na mtu anayeshuka mchana, anayetembea, anayekula samaki aliyevuliwa pale na kurudi maji yanapojaa. Yanaletwa na jengo. Na jengo linaharibu zaidi pale linapokaa juu ya kilima cha kwanza cha mchanga, kwa kuwa kila mjenzi anapataka palepale.

Kilima hicho ni akiba ya ufuo. Kusi huja na mawimbi makali, hukwangua mchanga na kuulaza chini ya maji. Kaskazi ikitulia huurudisha, upepo ukaupandisha, na mlakasa, ule mmea utambaao wenye maua ya zambarau, ukaushika. Ukijenga ukuta hapo, wimbi haliendi kufia kwenye mteremko. Hupiga, hurudi na nguvu yake, na huchimba mguu wa ukuta. Baada ya misimu michache nyumba ina ngazi zinazoishia majini na jirani aliye upande wa chini wa mkondo amekosa mchanga.

Kwa Shela kuna zaidi. Vilima vyake hufyonza mvua, na maji matamu hukaa chini yake yakielea juu ya maji ya chumvi. Mji wa Lamu umekunywa kutokana na visima vya hapo. Hesabu yake ni kali: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 chini yake. Pampu zikishusha ile mita moja, chumvi hupanda kwa kiasi kilekile cha 40. Kisima kikishaingia chumvi, mvua ya mwaka mmoja haikisafishi. Anayetaka kuona thamani ya jambo hili atembee ufuo wa Shela kuelekea Kipungani, kilomita 12 bila kivuli. Aanze muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa ili apate mchanga mgumu, abebe lita 4 kwa kila mtu, na asiogelee mlangoni, ambako mkondo kati ya Lamu na Manda huvuta kwa nguvu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: wageni waje, kwa mashua za wenyeji na kwa masharti ya kijiji, na kilima cha kwanza kisijengwe kabisa, si hoteli wala banda la makuti lenye msingi wa saruji. Wengine watasema ni kuwanyima vijiji mapato makubwa, na ni kweli kwamba hoteli huajiri watu wengi kuliko mashua. Lakini mapato ya nahodha, mpishi na mlinzi wa kasa hubaki kijijini hata wageni wakikatika kwa msimu, kama walivyokatika baada ya 2011; hoteli iliyofungwa huacha lango lenye kufuli na njia ya wavuvi iliyozibwa.

Katiba ya Kenya, Ibara ya 62, inaweka ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa kuwa mali ya umma. Kilima huanzia pale umma unapoishia. Na mstari huo hausimami mahali pamoja: mpimaji akija siku ya maji mafu ya kaskazi, yale yasiyojaa sana, ufuo ukiwa mpana na bahari imelala, ataweka jiwe la mpaka hatua nyingi karibu zaidi na bahari kuliko angeweka siku ya bamvu la kusi. Vijiji vinavyoombwa kutia saini viulize ramani hiyo ilipimwa mwezi gani, tarehe ngapi ya mwezi mwandamo, na vidai ipimwe upya Julai, bamvu likiwa limejaa, wavuvi wakiwapo.