Malaika mkuu: mmoja, au wako kadhaa?

Kuna bishano moja kati ya Wakristo wa Afrika Mashariki ambalo haliishi. Shahidi wa Yehova akibisha hodi mlangoni, atakuambia malaika mkuu ni mmoja tu, jina lake Mikaeli, na kwamba huyo ndiye Yesu kabla hajazaliwa Bethlehemu na tena baada ya kurudi mbinguni. Jirani yako Mkatoliki, kila tarehe 29 Septemba, anaadhimisha sikukuu ya Malaika Wakuu, nao ni watatu: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Kila upande hurudi kwenye neno lile lile la Kigiriki, arkhangelos, na kudai limeshamaliza shauri. Mimi naona neno hilo linadaiwa kisicho chake.

Tuanze na asili yake. Angelos ni mjumbe. Kwa Wagiriki wa kale alikuwa mtu yeyote aliyetumwa kupeleka habari, hata tarishi wa mfalme. Wayahudi wa Aleksandria walipoanza kuitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya 3 KK, walilitumia neno hilo mahali pa mal'akh ya Kiebrania, ambayo nayo maana yake ni mjumbe. (Mal'akh hiyo na "malaika" yetu, iliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, zimetoka shina moja.) Kipande cha mbele, arkhi-, kinatokana na kitenzi arkhein: kuanza, kutangulia, kutawala. Ukiviunga, unapata mjumbe aliye juu ya wajumbe wenzake. Kiebrania cha Agano la Kale hakina neno moja la namna hiyo. Danieli humwita Mikaeli sar, yaani mkuu au jemadari. Agano Jipya linalo arkhangelos mara mbili tu, katika 1 Wathesalonike 4:16 na Yuda 9.

Wanaosema ni mmoja wana hoja za kusikilizwa. Hakuna mahali katika Agano Jipya neno hilo limewekwa katika wingi. Yuda anaandika Mikael ho arkhangelos, na hiyo ho ni kibainishi, kana kwamba anasema "yule malaika mkuu". Gabrieli hapewi cheo hicho; kwa Zakaria anajitambulisha tu kuwa "nisimamaye mbele za Mungu". Naye Paulo anasema Bwana mwenyewe atashuka "na sauti ya malaika mkuu". Sauti ya nani, wanauliza, kama si yake? Na si Mashahidi peke yao wanaomwona Kristo katika Mikaeli. Waadventista Wasabato humwona pia, ila kwa tofauti nzito: kwao Mikaeli ni jina la Kristo katika kazi ya kuongoza jeshi la mbinguni, naye hakuumbwa. Hata Calvin, mwanamageuzi wa Kiprotestanti wa karne ya 16, alipofafanua Danieli 12:1 alimwelewa Mikaeli wa pale kuwa ni Kristo.

Tatizo linaanza hoja inapotundikwa kwenye arkhi- yenyewe, kwamba mkuu lazima awe mmoja. Agano Jipya lina maneno mengi yaliyoundwa hivyo hivyo, na yanashuhudia vingine. Arkhiereus ni kuhani mkuu. Cheo hicho kilishikwa na mtu mmoja kwa wakati, lakini Injili zinalitumia neno katika wingi tena na tena. Ndio wale "wakuu wa makuhani" waliomshitaki Yesu kwa Pilato. Yairo ni arkhisinagogos, na Marko 5:22 anamwita "mmoja wa wakuu wa sinagogi". Katika Matendo 13:15, sinagogi moja tu la Antiokia ya Pisidia lina wakuu zaidi ya mmoja wanaowaalika Paulo na Barnaba waseme. Zakayo wa Yeriko ni arkhitelones, mkubwa wa watoza ushuru, na hakuna anayedhani alikuwa peke yake katika dola nzima ya Kirumi. Upande wa pili, 1 Petro 5:4 inamtaja arkhipoimen, Mchungaji Mkuu, na huyo kweli ni mmoja, naye ni Kristo. Arkhi- inataja cheo. Haisemi wenye cheo hicho ni wangapi.

Kibainishi nacho hakitoshi. Matendo 12:1 inasema Herodes ho basileus, mfalme Herode, na wafalme duniani walikuwa wengi. Kwa Wathesalonike Paulo hakuweka kibainishi kabisa. Kwa kuwa Kiswahili hakina vibainishi vya namna hiyo, Biblia yetu ina "malaika mkuu" sehemu zote mbili, na msomaji hana njia ya kuiona tofauti. Tena, kama sauti ya malaika mkuu inamfanya Bwana awe malaika mkuu, "parapanda ya Mungu" iliyo katika aya hiyo hiyo ingemfanya awe nani? Shahidi wa Yehova hataki kufika huko.

Kinachonishawishi zaidi kuhusu wingi ni Yuda mwenyewe. Katika aya ya 14 ananukuu unabii wa Henoko, maneno tunayoyakuta katika kitabu cha Henoko ambacho Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia limekihifadhi kizima kwa Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia. Sura ya 20 ya kitabu hicho inataja malaika kwa majina, na nakala ya Kigiriki iliyofukuliwa Akhmim, Misri, inafunga orodha hiyo kwa kusema ni majina ya arkhangelos saba. Danieli 10:13 naye anamwita Mikaeli "mmoja wa hao wakuu wa mbele".

Lakini haki itendeke kwa upande wa pili. Filoni wa Aleksandria, Myahudi wa karne ya 1, alimwita Logos, Neno la Mungu, arkhangelos. Kwa hiyo kumpa cheo hicho aliye juu ya malaika wote si uzushi wa juzi. Hata ukuu wenyewe haukuwahi kutulia: maandishi ya mnamo mwaka 500 yanayobeba jina la Dionisio, yule Mwareopago wa Matendo 17:34, yanapanga ngazi tisa za malaika, na malaika wakuu wako ya nane kutoka juu.

Kama kuna aya ya kuamua juu ya Mikaeli na Kristo, ni Yuda 9. Mikaeli "hakuthubutu" kumlaumu Ibilisi, bali alisema, "Bwana na akukemee." Wengi huona hapo mtumishi asiye na mamlaka yake mwenyewe, tofauti na Yesu aliyekemea pepo kwa amri yake. Lakini Zekaria 3:2 inasema BWANA ndiye aliyemwambia Shetani, "BWANA na akukemee." Ikiwa BWANA mwenyewe aliweza kusema hivyo, kauli ile peke yake haimshushi Mikaeli. Kwangu mimi neno "hakuthubutu" ndilo lililobaki bila jibu la kuridhisha, na anayemtetea Mikaeli kuwa Kristo angeanza na hilo, aiache arkhi- ipumzike.