Bingwa Awe Mezani, Si Kwenye Simu

Wiki iliyopita, kwenye kikao cha ripoti ya asubuhi hospitalini, nilisikia jambo ambalo hadi leo halijanitoka rohoni. Rezidenti wa upasuaji, yaani daktari anayesomea ubingwa, kijana wa mwaka wa pili, alisimamishwa mbele ya wenzake akaulizwa kwa nini mgonjwa wa usiku amekatwa kipande cha utumbo wakati pengine kushona tundu kungetosha. Aliyeuliza ndiye bingwa aliyekuwa zamu usiku huohuo. Mimi ndiye niliyekuwa nesi wa meza ile ya upasuaji. Niliiona simu ikiita bila kupokelewa, na ilipopokelewa nikalisikia jibu: "Endelea tu, utanieleza asubuhi." Asubuhi ndiyo hiyo. Kijana akanyamaza, kwa sababu anayemuuliza ndiye anayesaini logibuku yake, daftari la kazi za mafunzo, na ndiye atakayemkuta kwenye chumba cha mtihani.

Wenzangu wa tieta, chumba cha upasuaji, wanajua utumbo uliotobolewa na taifodi ulivyo. Umevimba, mwekundu, na ukipitisha uzi unachanika kama karatasi iliyolowa. Unaona tundu moja, unageuza kidogo, unakuta la pili. Mtu wa usingizi anakwambia presha inashuka, mashine ya kunyonya inaziba, na mimi huku nahesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu. Saa tisa ya usiku, mwenye uamuzi ni kijana ambaye matumbo ya namna hiyo aliyowahi kuyafungua ni machache mno. Bingwa akiwepo hata hasemi mengi. Nimewaona wale wazuri: anasogeza kidole cha rezidenti pembeni kidogo ya tundu, anamwambia, "Pasikilizie hapa, pamekaza, hapa patashika uzi." Basi. Mkono wa yule kijana umejifunza kitu ambacho hautakisahau hadi anastaafu. Hilo halipiti kwenye simu, hata mtandao uwe mzuri namna gani.

Najua jibu linalokuja, kwamba rezidenti lazima aachwe afanye mwenyewe. Nakubali, kwa shingo upande. Hakuna aliyekuwa mpasuaji kwa kushikia wengine ritrakta, chuma cha kutanulia jeraha, miaka yote, na mabingwa wanaonyang'anya kisu kila mara nao wanaharibu mafunzo. Lakini kumwachia mtu kisu huku umesimama pembeni yake si sawa na kumwachia hospitali nzima ukaenda zako. William Halsted, mpasuaji aliyejenga mfumo wa urezidenti pale hospitali ya Johns Hopkins, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19, alitaka daktari aongezewe majukumu hatua kwa hatua chini ya wakubwa wake. Sisi tumechukua majukumu, tukawaacha wakubwa.

Mwaka 1984 binti wa miaka 18, Libby Zion, alifariki katika hospitali ya kufundishia jijini New York saa chache tu baada ya kulazwa. Haikuwa kesi ya upasuaji, lakini usiku ule ulifanana na usiku wetu: waliomhudumia walikuwa madaktari wawili walio mafunzoni, na mkubwa aliyeombwa ushauri aliombwa kwa simu. Wengi wanaoijua kesi hiyo wanakumbuka ukomo wa saa 80 za kazi kwa wiki kwa marezidenti, ulioanza jimbo la New York mwaka 1989 na kuenea Marekani nzima mwaka 2003. Kinachosahaulika ni kwamba tume iliyoundwa baada ya kifo hicho, ikiongozwa na Dk. Bertrand Bell, ilitaka pia madaktari waandamizi wawepo hospitalini muda wote. Tukizungumzia uchovu wa marezidenti, na wamechoka kweli, tusiishie kwenye kuhesabu saa.

Mabingwa ni wachache na mishahara inawasukuma kwenda hospitali binafsi jioni. Ni kweli, na serikali iwalipe. Marezidenti wanaolipa ada huku wakibeba zamu nao walipwe. Wala siamini kwamba dawa ni kujenga majengo zaidi. COSECSA, chuo cha wapasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini chenye makao makuu Arusha, kilianzishwa mwaka 1999 na kinafundisha watu hukohuko hospitalini wanakofanya kazi, miaka 2 ya mwanzo, kisha 3 zaidi kwa upasuaji wa jumla. Mpango wa namna hiyo unasimama kwa mwalimu aliyepo, asipokuwepo hakuna chuo.

Mama anapotuomba wodini, "Jamani, mwanangu asipasuliwe na mwanafunzi," tunamkasirikia. Tusimkasirikie. Ana haki ya kujua nani atasimama nyuma ya huyo mwanafunzi.

Ninachotaka ni kitu kidogo. Tunayo orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ile iliyofanyiwa majaribio katika miji minane duniani, Ifakara yetu ikiwemo. Kabla ya kukata ngozi kila mmoja anataja jina lake na kazi yake. Liongezwe swali moja: bingwa wa zamu yuko wapi sasa hivi? Jibu liandikwe kwenye faili la mgonjwa, pamoja na saa aliyopigiwa simu na saa aliyofika, na nesi wa meza asaini. Mimi nitasaini kila usiku. Na kwenye ripoti ya asubuhi, kabla rezidenti hajaulizwa lolote, ukurasa huo usomwe kwanza.