Baada ya Moto Kupita Shambani: Haraka ya Msumeno, Subira ya Jembe

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania hupata msimu mmoja tu wa mvua, unaoanza mwezi Novemba na kwisha Aprili au Mei, na ndiyo maana moto wa misitu huko Mufindi, Njombe na Mbeya hutokea zaidi kuanzia Julai, nyasi zikishakauka. Moto mkubwa ukizimwa huzuka mabishano yale yale: wako wanaotaka eneo lote lisafishwe na kupandwa mvua zikianza, na wako wanaotaka liachwe lipumzike. Kwa maoni yangu, pande zote mbili hukosea kwa kuzifanya kazi mbili, kuvuna miti iliyoungua na kupanda mipya, ziende kwa mwendo mmoja.

Wenye haraka wana hoja nzito wanapozungumzia magogo. Msindano, au paina kama wengi tunavyouita, ukifa kwa moto hauchipui tena kwenye kisiki, tofauti na mlingoti, yaani mkaratusi, ambao ukiukata uliobabuka unaweza kutoa machipukizi mapya. Paina iliyokufa na kuachwa imesimama huingiwa na kuvu inayotia mbao rangi ya buluu, pamoja na wadudu wanaotoboa, na kwa joto la Oktoba haihitaji muda mrefu. Buluu hiyo haidhoofishi sana mbao ya kupaulia, lakini mnunuzi akiiona hushusha bei papo hapo.

Hata hivyo, haraka hiyo inahitaji macho. Paina kubwa yenye gamba nene inaweza kuonekana imekufa ilhali ingali hai. Banja gamba kwa panga usawa wa kifua: ukikuta nyama ya ndani ni nyeupe na yenye majimaji, mti huo uache, ukiikuta ya kahawia na imekauka, ukate. Ni kazi ya dakika moja kwa kila mti, na anayeiruka hukata mali ambayo ingeongezeka thamani kwa miaka kumi zaidi.

Mkulima mdogo mwenye ekari tatu ndiye anayebanwa zaidi. Miti yake ya miaka sita au saba ikiungua haitoi mbao za maana, inatoa mirunda tu, na kwa kuwa majirani zake nao wameunguliwa na wanauza wiki hiyo hiyo, madalali hujipangia bei. Kumshauri avune upesi bila kumtafutia soko ni kumsaidia dalali.

Kwenye kupanda, wanaotaka subira wananishawishi zaidi. Miche ya paina hukaa kitaluni miezi sita au zaidi kabla ya kwenda shambani. Kwa hiyo eneo likiungua Oktoba, miche iliyopo kitaluni ilikwisha kuhesabiwa kwa ajili ya maeneo mengine. Kwa nafasi ya mita 3 kwa 3, hekta moja inataka miche 1,111. Anayeahidi kupanda maelfu ya hekta Januari inayofuata ama atanyima maeneo mengine, ama ataokoteza miche dhaifu. Zaidi ya hayo, katika mashamba ya misindano ya Afrika Kusini kuna kuvu iitwayo Rhizina, ambayo huamshwa na joto la moto ardhini na kuua miche iliyopandwa mapema mno, na wenzetu wa huko wamezoea kuchelewesha upandaji kwa miezi kadhaa.

Kuna pia zawadi ambayo wenye haraka huilima na kuipoteza. Koni za patula, yaani vifuko vigumu vya mbegu vya msindano ulioletwa kutoka Mexico, nyingi hubaki zimefunga mtini kwa muda mrefu na hufunguka zikipata joto kali. Mvua zikishakolea, chini ya miti iliyoungua huota miche mingi kama ulezi uliomwagika. Ni kweli kwamba ubora wa mbegu hizo haujachaguliwa kama ule wa mbegu za kununua, na kwamba kuipunguzia miche hiyo kunakula vibarua wengi. Lakini kwa mwenye ekari tatu asiye na fedha ya miche, hilo ndilo shamba lake jipya.

Hoja ya kuacha ardhi kabisa ina nguvu sehemu moja, nayo ni mabondeni. Maji ya Mufindi hulisha Ruaha Mdogo, unaopita Iringa mjini kabla ya kuungana na Ruaha Mkuu unaokwenda bwawa la Mtera. Mteremko uliovuliwa majani kisha ukapitiwa na matrekta ya kuvutia magogo hupeleka udongo wote mtoni kwa mvua mbili tatu. Matawi yaliyobaki yalazwe kukata mteremko badala ya kuchomwa, na kingo za vijito zisirudishiwe milingoti. Kwenye misitu ya asili kama ya Mlima Rungwe sina ubishi: huko kazi ni kuzuia moto wa pili, kwa kuwa kangaga zikishatawala palipoungua, miti ya asili huchelewa sana kurudi.

Linabaki suala la wanaoishi kando ya shamba. Kuwaruhusu wanavijiji walime mahindi na maharage katikati ya miche michanga hupunguza magugu na huwapa sababu ya kukimbilia moto unapowaka. Wapinzani husema, nao hawakosei, kwamba mioto mingi huanzia kwa mtu anayesafisha shamba kwa kiberiti. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaadhibu uchomaji holela, ila mwenye kuuona moshi wa kwanza saa nane mchana ni yule mwenye maharage yake pale, na ndiye ambaye ningependa awe na ndoo, matawi mabichi na namba ya simu ya meneja wa shamba.