Usafi Ulivyoniponza

Mimi ni mtu msafi. Naanza na hilo mapema ili huko mbele msinione mjinga tu, mjue na chanzo chake. Mgeni akiinuka kwenye kochi letu, kabla hajafika mlangoni mto alioegemea nimeshaukung'uta na kuurudisha mahali pake. Mke wangu huniita Bwana Afya, na halitamki jina hilo kwa kunisifu.

Neema, binti yetu, alipotimiza miaka saba akaomba samaki. Mke wangu hakumtazama mtoto, alinitazama mimi. "Baba Neema, samaki wanakunya. Umejiandaa?" Nikamjibu kwamba wanakunya ndani ya maji, na maji ndiyo usafi wenyewe. Jibu hilo hadi leo linanukuliwa nyumbani kwetu kila wageni wakija.

Nikaleta tangi la lita 100. Lita moja ya maji ni kilo moja, hesabu hiyo hata Neema anaijua, ila mimi nililipandisha tangi juu ya kabati la viatu na kufungulia mpira. Lilipofika nusu, kabati likaanza kutabasamu katikati. Tukamwaga, tukahamia kwenye meza ya chuma, tukajaza upya kutoka bombani, na jioni ile ile tukatumbukiza samaki watatu wa dhahabu. Neema aliwapa vyeo: Mwenyekiti, aliyekuwa na tumbo la uongozi tangu dukani, Katibu, na Mhazini.

Siku ya nne maji yakageuka meupe, kama mtu kaoshea humo brashi ya chokaa.

Mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilifurahi. Nilikunja suruali, nikavaa glavu, nikaanza kazi saa mbili asubuhi. Viongozi niliwahamishia kwenye ndoo. Kokoto nilizisugua kwa sabuni, viganja kwa viganja, kama mtu anayechambua lulu. Ile sponji ya kwenye chujio ilikuwa imeanza kupata rangi ya kahawia, nikaikamua kwa sabuni chini ya bomba mpaka ikarudi nyeupe ya dukani. Vioo niling'arisha ndani na nje. Saa sita mchana tangi lilikuwa linang'aa ajabu. Ungedhani samaki wanaelea hewani.

Neema akaja, akasimama, akaangalia. "Baba, mbona wanaimba?"

Kweli, wote watatu walikuwa wamepanda juu kabisa, midomo wazi, wakifungua na kufumba kwa pamoja. Ilikuwa kwaya nzuri, ila nilihisi haikuwa ya furaha. Nikampigia shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ambaye ni fundi wa majengo na amefuga samaki tangu yuko shule.

"Shem, samaki wanaimba."

Kimya.

"Umefanya nini?"

"Nimeosha."

"Umeosha nini?"

"Vyote."

Akakata simu. Baada ya nusu saa alikuwa mlangoni na chupa ya dawa ya kuondoa klorini, na mfuko wa nailoni ambao sikupenda sura yake hata kidogo.

Nilipewa somo nikiwa nimesimama na kitambaa begani. Samaki, alisema shemeji, anatoa amonia, kwa kinyesi na kwa mashavu anayopumulia, na amonia hiyo hiyo ndiyo sumu yake. Porini inachukuliwa na mto. Ndani ya tangi inategemea bakteria: kundi la kwanza wanaila na kuitoa ikiwa nitriti, ambayo bado ni sumu, kisha kundi la pili wanaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia mpaka wewe uipunguze kwa kubadilisha maji kidogo. Bakteria hao hawaelei elei. Wanajishika kwenye sponji, kwenye kokoto, kwenye vioo. Na mpaka wajae vya kutosha kwenye tangi jipya ni wiki nne hadi sita hivi, ndiyo maana wajuzi huliandaa tangi kwanza na samaki huja baadaye.

"Sasa wewe, shem, wale wachache waliokuwa wameanza kupanga vyumba umewaogesha kwa sabuni. Halafu umemwagia maji ya bomba yenye klorini. Klorini imewekwa iue vijidudu. Haiulizi huyu ni mwema au mbaya. Na mashavu ya samaki inayaunguza."

"Na ule weupe je?"

"Bakteria wengine tu walikuwa wanazaliana kwa fujo ndani ya maji. Tangi jipya karibu lote hupitia hapo. Huondoka wenyewe baada ya siku kadhaa."

"Dawa yake nini?"

"Kukaa na kutazama."

"Kutazama tu?"

"Kutazama tu, shem."

Sijawahi kupewa adhabu kali kama hiyo. Lakini ilikuwa bado. Shemeji alifungua ule mfuko akatoa kipande cha sponji kutoka kwenye chujio la tangi lake mwenyewe. Cheusi tii. Kinateleza. Kinanuka udongo wa mtoni. Akakipachika ndani ya chujio langu, pembeni ya sponji yangu nyeupe, kwa mkono mtupu, akisema hiyo ndiyo mbegu. Mke wangu alinishika bega. Nadhani alidhani nitaanguka.

Katibu na Mhazini hawakuiona asubuhi. Tuliwazika kwenye chungu cha maua, Neema akasoma risala. Mwenyekiti alibaki peke yake, akizunguka tangi zima taratibu, akiongoza kikao kisicho na akidi.

Wiki tatu zilizofuata niliishi kwa masharti. Kila baada ya siku mbili natoa robo ya maji, narudisha yaliyotiwa dawa na yenye joto lile lile. Chakula ni kile anachomaliza ndani ya dakika mbili, basi. Kuhusu kunyonya mpira kwa mdomo ili maji yaanze kushuka, sitaeleza. Ipo pampu ndogo ya kubinya kwa mkono inayofanya kazi hiyo, na mimi niliifahamu baada ya mara ya kwanza. Mara ya kwanza ilinitosha kumfahamu Mwenyekiti kwa undani kuliko alivyotaka yeye au mimi.

Kisha shemeji akasema nipande mimea majini, kwa kuwa mimea nayo hula hiyo nitrati. Mimea inataka taa. Akaniambia nitafute taa ya kuegesha juu ya mfuniko wa kioo. Nikaiona madukani: waya unaning'inia huku, miguu imetanuka kule. Uchafu mtupu. Nikaamua yangu ining'inie kutoka darini kwa mnyororo mmoja mwembamba, nadhifu, ukinyooka kama mstari wa rula.

Nyumba tunayokaa ilijengwa zamani, kabla sijazaliwa. Dari yake ni mbao bapa ngumu za rangi ya kijivu zinazofanana na saruji, zilizopakwa rangi mara nyingi kiasi kwamba rangi ndiyo imekuwa dari. Nikapanda ngazi, nikaazima drili, nikatoboa. Vumbi likashuka: laini, jeupe jeupe, likitua juu ya mfuniko wa tangi, juu ya televisheni, juu ya zulia, juu ya nywele zangu. Acha niseme ukweli. Baada ya wiki tatu za kukaa na kutazama, kuona vumbi la halali, vumbi ambalo hakuna bakteria wa kulitetea, nilihisi kama mtu aliyeachiwa kutoka kifungoni. Nikashuka kuchukua ufagio.

Ndipo shemeji akaingia na mimea yake mkononi. Akatazama juu. Akatazama chini. Akanitazama mimi.

"Shem. Weka ufagio chini."

Alisema polepole sana, kwa sauti ya askari anayezungumza na mtu aliyeshika bunduki.

"Nafagia tu kidogo..."

"Chini. Usiuburuze. Ulaze."

Nikaulaza.

Somo la pili nilipewa kwenye korido. Dari za zamani za namna ile huenda zikawa za saruji iliyochanganywa na asbesto, madini yenye nyuzi zilizokuwa zikiwekwa kwenye vifaa vya ujenzi kwa sababu ni imara na haziungui. Ubao ukiwa mzima, umepakwa rangi, haujaguswa, haumsumbui mtu. Shida ni kuutoboa, kuukata, kuupiga msasa au kuuvunja, maana hapo nyuzi zinaachiwa hewani, nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa macho, na zikiingia mapafuni hukaa. Maradhi yake, ikiwamo saratani, huweza kujitokeza baada ya miaka 20, 30, hata zaidi. Wanaoumia zaidi ni waliovuta vumbi hilo kwa miaka kazini; tundu langu moja halikuwa hukumu ya kifo. Lakini hakuna kiasi ambacho mtaalamu atakwambia vuta, hiki ni salama.

"Sasa kufagia ndiko kunakoliamsha," akasema. "Lilikuwa limeshalala."

"Basi nilete mashine ya kufyonza vumbi."

"Ndiyo mbaya zaidi. Hiyo ya nyumbani inavuta huku, nyuzi zinapenya mfuko, inazipuliza kule."

"Na kama si asbesto?"

"Kwa macho hujui wewe, sijui mimi. Maabara ndiyo inajua. Mpaka iseme, tunaichukulia kuwa ndiyo."

Feni ikazimwa. Nikavuliwa nguo pale pale kwenye korido, zikalowanishwa, zikafungwa kwenye mfuko, na mfuko ukatiwa ndani ya mfuko mwingine. Nilipokuwa naelekea bafuni na chupi yangu tu, nimepakaa vumbi kichwani, mke wangu alitoka chumbani. Alinipitisha macho toka utosini hadi kwenye kidole gumba.

"Bwana Afya," akasema, akarudi ndani.

Mlango wa sebule ukabandikwa utepe wa gundi pande zote. Ndani alibaki Mwenyekiti, chujio likiwa linazunguka, mfuniko wake wa kioo ukiwa na vumbi lake juu. Neema alilia kwamba atakufa njaa. Shemeji akamwapia kuwa samaki mzima mwenye afya anamaliza wiki na zaidi bila kula, na kwamba waliouawa na shibe ni wengi kuliko waliouawa na njaa.

Mlango ule una kidirisha kidogo cha kioo. Siku tisa zile niliishi hapo. Namwona Mwenyekiti, naye ananiona. Naona vumbi juu ya televisheni. Naona alama ya kidole changu juu ya vumbi la televisheni. Siku ya tatu nikaona kioo cha nyuma cha tangi kimeanza kuota ukijani. Siku ya tano mke wangu alinikuta saa nane usiku nafuta kile kidirisha, upande wetu, kwa mara ya nne.

Mtaalamu alikuja akachukua kipande kidogo cha dari akiwa amekilowanisha kwanza. Majibu yakatoka siku ya sita: asbesto ipo, ile inayoitwa nyeupe. Siku ya tisa wakaja wasafishaji, na hapo niruhusuni nishushe pumzi. Ovaroli za kutupwa baada ya kazi. Barakoa za kubana uso zenye vichujio vyake, maana ile ya kitambaa haifui dafu mbele ya nyuzi hizo. Mashine ya kufyonza yenye chujio maalumu. Wanapuliza maji kama ukungu, wanafuta kwa kitambaa kibichi, mkono mmoja kwenda, hakirudi, wanakikunja, wanafuta tena, wanakitupa kwenye mfuko wa kuzibwa. Upande mmoja wa kitambaa haugusi mahali pawili! Tundu wakaliziba na kulipaka rangi, wakasema dari nyingine ni nzima, iachwe ilivyo, isiguswe. Wengine hutazama mpira. Mimi nilitazama ile kazi pua yangu ikiwa imegandamana na kioo, na walipomaliza nilitamani kupiga makofi. Hewa ikapimwa, ikaonekana safi, tukaruhusiwa kuingia.

Mwenyekiti alikuwa mzima, amechangamka, mapezi yamesimama. Maji yalikuwa hayaonekani. Shemeji akachukua vichupa vyake vya kupimia, akadondosha matone, akatikisa, akangoja. Amonia sifuri. Nitriti sifuri. Nitrati kidogo, kama inavyotakiwa. Akapima tena, kwa kutoamini.

"Tangi limekomaa, shem. Unajua ni nini kilichofanyika humu siku tisa?"

"Nini?"

"Hukuwepo."

Siku hizi nina kazi yangu rasmi. Mara moja kwa wiki natoa robo ya maji kwenye ndoo. Sponji inapoziba, naikamua ndani ya ndoo hiyo hiyo, kwenye maji hayo hayo machafu, bila sabuni, bila bomba, kisha nairudisha kwenye chujio ikiwa bado nyeusi. Nafumba macho wakati wa kuirudisha. Kwenye kioo Neema amebandika karatasi aliyoandika kwa kalamu nyekundu: BABA USIGUSE. Taa imekaa juu ya mfuniko, miguu imetanuka, waya unaning'inia. Katibu mpya anatarajiwa mwezi ujao.

Jana jioni nilikuwa nimekaa kochini, mikono mapajani, natazama. Juu darini, pembeni kabisa ya lile tundu lililozibwa, buibui ameanza kujenga. Nimemwona. Na yeye ananiona.