Miezi 6 pekee haimrudishi mchezaji uwanjani
Makala moja inadai kwamba mchezaji aliyefanyiwa upasuaji wa ligamenti ya goti (utepe imara unaounganisha mifupa ya goti) huwa tayari kurudi uwanjani mara miezi 6 inapotimia na daktari wake akaridhika, dai ambalo mimi, niliyewahudumia wanamichezo kwa miaka mingi kama mtaalamu wa fiziotherapia, siwezi kulikubali. Daktari wa upasuaji huangalia kama ligamenti aliyopandikiza imeshika. Mimi hupima kama goti linanyooka lote na kama misuli ya mbele ya paja imefikia walau asilimia 90 ya nguvu za mguu usioumia. Lakini kocha wa viungo ndiye anayejua kama mguu huo utahimili kugeuka ghafla kwa kasi katika dakika ya 80, mwili ukiwa umechoka. Niliwahi kumruhusu kijana mmoja aanze kukimbia taratibu, nisijue kwamba kocha wake alikwisha kumwongezea mazoezi ya kuruka siku hiyohiyo. Kesho yake goti lilikuwa limevimba na halikunjiki, tukapoteza wiki 3 kwa sababu ya simu ambayo hakuna aliyempigia mwenzake (nami pia nilikosea, sikatai). Tafiti zimeonyesha kuwa kurudi kabla ya miezi 9 huongeza sana hatari ya kuumia tena, na hata hiyo 9 ni kiwango cha chini tu. Wasomaji mliopitia upasuaji huu, ni nani hasa aliyetoa neno la mwisho la kuwarudisha mchezoni, na je, alikuwa amezungumza na wenzake?